Anti, naamka nimechoka kuliko nilivyolala

Shikamoo anti. Nina miaka 34, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kompyuta kutwa nzima. Usiku nikipanda kitandani najiambia naangalia simu dakika tano tu, nikija kushtuka ni saa saba. Asubuhi naamka kichwa kizito, nagombeza watoto kwa vitu vya ajabu (juzi nimemfokea mdogo kwa sababu kavaa soksi moja ndani nje), kazini bila vikombe vinne vya kahawa sikai sawa, jioni mgongo unauma na sitaki kuongea na mtu. Nimeenda kupima damu, presha, sukari, vyote viko sawa. Wenzangu wanasema nijiunge jimu. Nianzie wapi? – Mama wa Wawili

Marahaba mwanangu. Hiyo soksi ndo imenigusa, maana najua ukishamaliza kufoka unakaa pembeni unajichukia. Sasa nikwambie, wewe sio mama mkali, wewe una usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau masaa 7 kwa usiku, na wewe ukilala saa saba na kuamka saa kumi na moja unapata manne, tena mabovu. Mtu asiyelala vizuri hasira zake zinakuwa karibu, kitu kidogo tu kinamlipua, na hilo halitibiwi na jimu. Ukijiunga jimu leo na uchovu huo utaenda mara tatu halafu utaongeza na lawama juu ya uchovu.

Anzia na saa ya kuamka. Sio ya kulala, ya kuamka. Mwili una saa yake ya ndani, na wanasayansi watatu wa Marekani walipewa tuzo ya Nobeli mwaka 2017 kwa kutuonyesha inavyofanya kazi ndani ya chembechembe za mwili. Saa hiyo inajiseti kwa mwanga. Kwa hiyo chagua muda mmoja wa kuamka, wikendi pia, na ukishaamka tu toka nje au simama dirishani upate mwanga wa asubuhi, dakika kumi zinatosha kuanzia. Siku tatu nne za mwanzo utaona kama nakutesa, lakini usingizi wa usiku utaanza kuja wenyewe mapema.

Halafu simu. Mimi nilishasema mara mia nitaiweka chini saa nne na sikuweza, mpaka nilipohamisha chaja. Ndio, chaja tu. Niliichomoa pale kando ya kitanda nikaichomeka sebuleni nyuma ya kiti, nikanunua saa ndogo ya mezani ya kuniamsha ili nisiwe na kisingizio cha alamu. Usiku wa kwanza mkono ulikuwa unapapasa pembeni ya mto wenyewe, yaani bila mimi kuutuma, hapo ndo nikajua nilikuwa nimefungwa kiasi gani. Kuamka, kutembea gizani hadi sebuleni kwa ajili ya video mtu anaona uvivu, na safari hii uvivu unakusaidia.

Kahawa sikunyang'anyi, ila vuta nyuma muda wake. Nusu ya kafeini hukaa mwilini kama masaa matano hivi kwa watu wengi, wengine zaidi, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake bado inazunguka na wewe unashangaa macho makavu. Cha mwisho kiwe mchana. Na muulize unayelala naye kama unakoroma sana na kuna muda pumzi inakata halafu unashtuka, kama ndio rudi kwa daktari umwambie hivyohivyo, maana kipimo cha damu hakionyeshi hilo.

Mgongo sasa. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walitoa utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa siku nzima, makondakta wakawa wanapanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Basi ni lilelile, mji uleule, lakini makondakta walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Hizo ngazi zilikuwa ni kazi yao tu, hakuna aliyeziita mazoezi. Wewe pia una ngazi zako, ni simu za kazi. Kila ukipigiwa, simama, ongea huku unatembea, hata kama ni kuzunguka meza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za kujishughulisha kwa wiki, kiasi cha pumzi kupanda lakini bado unaweza kuongea, ukigawa zile 150 kwa siku 7 ni kama 21 hivi. Na tangu 2020 wakasema wazi hata vipande vifupi vinahesabika, ile habari ya lazima dakika kumi mfululizo imeondolewa. Mwendo wa taratibu wa kuzunguka meza haufiki huko, huo ni wa kuupumzisha mgongo, ila ukipata ngazi au njia ndefu ongeza kasi.

Jimu tuongee baada ya miezi miwili. Na mdogo mwambie samahani ya ile soksi, watoto wanaelewa sana ukiwaambia mama alikuwa amechoka.

Mambo anti. Mi nina miaka 26, kila mwezi naanza upya. Naandika ratiba, kuamka saa kumi na moja, kukimbia, maji lita tatu, kutafakari, kuandika dayari, hatua elfu kumi. Nimesikia ukifikisha siku 21 inakuwa tabia ila mi siku ya nane au tisa nikikosa moja tu basi naacha zote na najiona sina nidhamu. Nina shida gani? – Wa Kuanza Upya

Poa. Shida ni ratiba, wewe huna shida. Umejipangia mambo sita kwa mpigo, hata mimi ningekimbia.

Hiyo siku 21 ilitokana na daktari wa upasuaji wa sura huko Marekani, zamani, miaka ya 1960, aliyeona wagonjwa wake wanachukua kama siku 21 kuzoea sura mpya kwenye kioo. Kuzoea pua mpya na kuzoea kukimbia alfajiri ni vitu viwili tofauti kabisa! Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London walipofuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga tabia mpya walikuta kwa kawaida inachukua kama siku 66, wengine 18, na makadirio ya wengine yalifika 254. Halafu soma hili mara mbili: kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Siku ya tisa ukikosa, ya kumi unaendelea kama kawaida, hakuna kurudi mwanzo wa mstari.

Na hatua elfu kumi zilianza Japani mwaka 1965 kama jina la kifaa cha kuuza, kipimo cha hatua kikaitwa hivyo. Kutembea ni kuzuri mno ila ukipata 6,000 usilale na huzuni.

Fanya hivi, chagua kimoja, tena kidogo mpaka uone aibu kumwambia mtu, halafu kitundike kwenye kitu ambacho tayari unafanya kila siku bila kufikiri. Ukimaliza kupiga mswaki, kabla hujarudisha mswaki mahali pake, chuchumaa na kusimama mara tano. Basi. Mswaki hausahau, kwa hiyo na wewe hutasahau. Ikifika siku unajikuta umechuchumaa na povu bado mdomoni bila kujiuliza, hapo ongeza cha pili. Maji kunywa ukiwa na kiu na mkojo uwe na rangi hafifu, lita tatu sio amri ya mtu yeyote.

Anti shikamoo. Mi nafanya yote mnayoandika. Natembea, nalala mapema, sinywi pombe. Lakini ni mwezi wa pili sasa sioni raha ya kitu chochote, chakula kama karatasi, marafiki siwapokelei simu. Nyumbani wanasema nijichangamshe. – Kimya

Marahaba, na asante kwa kuandika, najua ilikuwa kazi.

Hapa sikupi tabia mpya. Huzuni au kukosa raha ikikaa karibu kila siku kwa wiki mbili na kuendelea, na chakula, usingizi au kazi vikaguswa, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa, una matibabu ya maongezi na ya dawa. Kutembea kunasaidia ila hakuchukui nafasi ya matibabu, na kujichangamsha ndo kitu chenyewe ambacho ugonjwa umekichukua, kwa hiyo hao wa nyumbani wanakudai kile usichonacho. Hawana ubaya, hawajui tu.

Wiki hii nenda kituo cha afya. Kama maneno yatagoma, waonyeshe barua hii uliyoniandikia, ilivyo hivi hivi. Na kati ya hao marafiki usiowapokelea, chagua mmoja umtumie ujumbe wa mstari mmoja: "siko sawa, nisindikize hospitali." Usimweleze zaidi ya hapo. Kama mawazo ya kutaka kufa yanakujia, usisubiri wiki, mwambie mtu leo, usikae peke yako usiku huu, na nenda hospitali iliyo karibu hata kama ni saa nane za usiku.

Ukitoka huko niandikie, hata neno moja.