Gesti Yenye Giza Zuri: Maswali na Majibu

Barua za safari hii karibu zote zinatafuta pa kulala mashambani, mahali ambapo mtu ataweza kutazama nyota usiku bila kusumbuliwa.

Tuko Kampala, tuna gari dogo na siku mbili tu mwezi wa saba. Twende wapi?

Ziwa Mburo. Ni mwendo wa saa nne hivi kwa barabara ya Masaka, kisha mnaingia murram kidogo. Kusini-magharibi Juni na Julai ni kiangazi, na bahati nzuri hiyo ndiyo miezi ambayo kundi la nyota la Nge na kitovu cha Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota, hupanda juu mapema usiku. Mwezi ndio wa kuchunga. Kalenda ya msikitini inatosha: nendeni kati ya tarehe 27 na mwandamo, msikaribie kumi na nne. Mkilala kambi ya kando ya ziwa, viboko hutoka majini usiku kula majani, kwa hiyo muulizeni askari wa hifadhi mpaka wapi mnaruhusiwa kusimama.

Nimuulize nini mwenye loji kabla sijalipa?

Usimuulize kama nyota zinaonekana, maana hakuna atakayekwambia hazionekani. Uliza taa: nani anaziwasha, na zinazimwa saa ngapi? Meneja atakukubalia kila kitu kwenye simu, halafu saa nne za usiku askari wa zamu anawasha taa zote za ukuta, kwa kuwa ndiyo amri aliyopewa na hakuna aliyemwambia vingine. Mwone huyo askari mwenyewe kabla jua halijazama, meneja akiwepo, na ukimwachia ya chai si hongo, unamwongezea kazi kweli.

Kisha zunguka uwanja kukiwa bado na mwanga. Adui mkubwa siku hizi ni zile taa ndogo za sola zinazowaka zenyewe mtu akipita. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, sasa mmoja wenu akienda chooni taa ikamulika, wote mnaanza upya. Omba ruhusa uzifunike kwa ndoo. Tochi zenu nazo zifungeni kitambaa chekundu.

Tazama na miti. Kuna loji nzuri sana zilizozungukwa na miparachichi na migomba hadi mlangoni, ukiinua kichwa unaona kipande cha mbingu cha kutosha mkeka mmoja. Unachotaka ni uwanja ulio wazi kusini. Na jenereta ikizimwa saa nne, wageni wengine watanung'unika; wewe lipia usiku wa pili.

Visiwa vya Ssese vina giza. Mbona huvitaji?

Kwa sababu ya ziwa lenyewe. Usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya Victoria, mawingu yanajengeka, na radi nyingi hupiga kati ya usiku wa manane na alfajiri. Halafu kuna wavuvi wa mukene, wale dagaa wa ziwani. Wao huvua kwa taa, na usiku wanaoutaka ni ule ule unaoutaka wewe, usio na mwezi. Nenda Kalangala kula samaki.

Sisi ni walimu wa Gulu, tunafikiria Kidepo Desemba. Inafaa?

Inafaa kuliko pote nchini. Karamoja, iliko hifadhi ya Kidepo, hukauka kuanzia Novemba hivi hadi Machi, na usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba ndio kilele cha vimondo vya Geminidi, ambavyo havihitaji darubini, mnalala chali tu. Mabanda ya hifadhi pale Apoka hayana uzio na wanyama hupita katikati, basi kaeni barazani. Msichelewe hadi Februari. Moshi wa nyika zinazochomwa na vumbi huchafua anga.

Darubini yangu ina kile kitako kinachopangwa kwa Nyota ya Kaskazini. Niibebe?

Iache. Kwetu nyota hiyo iko usawa wa upeo wa macho au juu yake kidogo, na vitako vingi haviwezi hata kuinama kiasi hicho. Chukua darubini ya macho mawili, 10x50, yaani inayokuza mara kumi na yenye vioo vya mbele vya milimita 50.

Tumepata chumba kwa familia moja kijijini karibu na Kapchorwa. Kuna shida yoyote?

Chumba hakina shida, shida ni kuonekana mko shambani saa saba za usiku na bomba la darubini limesimama kwenye miguu mitatu likielekea mbinguni, kama silaha. Mwenyeji wenu awapeleke kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, siku ile ile mnayofika, na mbebe darubini yenyewe aione. Mkaribisheni aje kutazama. Kama sayari ya Zohali iko juu anzeni nayo, maana akishaiona ile pete atawaita majirani, na hapo mjue hamtafanya kazi nyingine hadi saa tano.