Usinunue huo ubao wa inchi nne, mkuu

Mkuu, kama hujalipa, usilipe. Kama umetoa kianzio, kamwombe muuzaji akurudishie leo hii. Umeandika una kilo 92, uko Kigamboni, unataka kusimama na kupiga kafi huku binti yako wa miaka sita ameketi mbele, na umepata ubao wa kujaza upepo wa futi 10, upana inchi 30, unene inchi 4, ambao umeambiwa unabeba kilo 140. Halafu unauliza kafi ya alumini au ya kaboni, rangi ipi, pampu ya umeme, utunze wapi, kibali kinahitajika au la. Kafi si tatizo lako. Tatizo lako ni hizo inchi nne.

Nimewahi kuwa nao, vipimo ni hivyo hivyo, na maneno niliyoambiwa dukani ni hayo hayo uliyoyanukuu. Ndiyo maana naandika kwa hasira.

Hiyo kilo 140 wala si uongo, na hapo ndipo panapouma. Ubao wa vipimo hivyo unachukua karibu lita 200 za hewa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja hivi, kwa hiyo ungehitaji mzigo wa karibu kilo 200 kuuzamisha wote. Muuzaji anapunguza kidogo, anaandika 140, na hakuna wa kumshika. Lakini namba hiyo inahusu kuelea tu. Haisemi chochote kuhusu kama ubao utabaki umenyooka ukisimama katikati yake.

Ndani ya mbao hizi kuna maelfu ya nyuzi zinazoshika tabaka la juu na la chini yasiachane, ndiyo sababu haziwi puto. Ugumu wake unatokana na presha na umbali kati ya hayo matabaka mawili. Umbali ukitoka inchi 4 kwenda inchi 6, ugumu wa kutopinda unaongezeka zaidi ya mara mbili kwa presha ile ile. Inchi mbili tu! Dukani huwezi kuiona tofauti, maana zote zimekunjwa ndani ya begi zuri lenye mikanda ya mgongoni.

Sasa sikia inavyokuwa majini. Ukisimama, katikati panazama, mbele na nyuma panainuka, na umesimama kwenye kitanda cha kamba kilicholegea. Sehemu inayogusa maji inafupika, kwa hiyo ubao unayumba zaidi. Pua iliyoinuka inashika upepo. Pezi la nyuma linakaa upande upande, ubao haushiki njia. Kila ukivuta kafi, sehemu ya nguvu inaishia kwenye kupinda na kunyooka. Bwawani utavumilia. Baharini, na mtoto mbele, usijaribu.

Mimi nilijaribu. Nilitoka Kunduchi alfajiri na mwanangu, umande unapuliza taratibu kutoka nchi kavu, maji yametulia, tunaelekea kisiwa cha Mbudya kama watu wenye akili zao. Kwenda hakukuwa na shida, kwa sababu umande unakusukuma huko huko unakotaka kwenda, hivyo hugundui kwamba chombo chako hakiendi. Kurudi ndipo ukweli ukatoka. Upepo wa kusi ulishaamka, maji yana viwimbi vifupi vifupi, na kila nilipopiga kafi pua ilikuwa inageuzwa kuelekea Ununio, kaskazini mwa tulikotoka. Nikapiga magoti, nikakaa, nikalala kifudifudi nikapiga kwa mikono. Mtoto akaanza kuuliza kwa nini nyumba za pwani haziji karibu. Mkuu, swali hilo sitaki uulizwe na binti yako.

Wavuvi wa ngalawa ndio waliotuchukua. Mzee mmoja aliutazama ubao ukivutwa nyuma, akasema chombo hiki kimevunjika mgongo. Mtu ambaye hajawahi kushika ubao wa namna hii maishani mwake aliona kwa jicho moja kile ambacho muuzaji wa vifaa vya baharini "hakukijua".

Na kabla hamjaanza kuniambia nipunguze mwili, kama mnavyopenda: Bahari ya Hindi inabeba meli za makontena kila siku na haijalalamika. Kilichoshindwa ni plastiki.

Hela iliyokwenda hapo ni karibu laki nane ukichanganya na usafirishaji. Niliporudi dukani kijana akaniambia sikujaza presha vizuri. Nikajaza mbele yake. Kwenye ubao wenyewe, karibu na valvu, pameandikwa presha mwisho psi 10! Anataka nijaze nini zaidi? Akahamia kwenye hoja ya kwamba ubao ule ni wa "matumizi mepesi". Neno hilo halikuwepo siku ya kupokea pesa. Siku hiyo lilikuwepo neno "familia". Na hao wanaorekodi video wakisifia mbao za bei rahisi nao wana mchango wao: angalia vizuri, wengi ni watu wembamba, kwenye maji yaliyotulia kabisa, na hawageuzi kamera kutoka ubavuni ukaona katikati pamezama kiasi gani. Ubavuni ndiko ubao unakosema kweli.

Kwa hiyo shika moja hili, mengine yote ukiyasahau sitakulaumu: usilipe kabla hujaulaza ubao juu ya mabenchi mawili. Mwambie muuzaji aujaze mpaka presha iliyoandikwa kwenye ubao. Benchi moja chini ya pua, jingine chini ya mkia, katikati pawe wazi. Kaa katikati. Kisha muite mtu asimame pembeni, apige picha usawa wa ubao. Ukipinda ukaonekana kwa macho, ondoka. Akikataa kuujaza kwa sababu "ukishafunguliwa hauuziki tena", ondoka upesi zaidi. Kama unaagiza kutoka nje na huwezi kuukalia, basi angalau unene usiwe chini ya inchi 6, yaani sentimita 15, na uwe umeandikwa kuhimili psi 15. Asiyeandika unene kwenye tangazo, mara nyingi ana sababu.

Kwa kilo zako na mtoto, mimi ningetafuta futi 10 na nusu hadi futi 11, upana inchi 33 au 34, unene 6. Huo una lita 300 na zaidi, na unabaki umenyooka. Utakuwa mzito kidogo, kama kilo 10 hivi, na utakugharimu zaidi. Lipa. Ukinunua wa inchi 4 sasa, utanunua wa inchi 6 baadaye, na ule wa kwanza hakuna atakayeutaka.

Presha yenyewe usiikisie. Mishale ya vipimo vya presha kwenye pampu nyingi za mkono haisogei kabisa mwanzoni, mtu anadhani imekufa, anachoka, anaacha ubao ukiwa nusu. Endelea, mshale utaamka. Hapo pampu ya umeme inayotumia betri ya gari inasaidia kweli, nakubaliana nawe.

Kuhusu rangi, usichukue nyeusi. Jua la Dar si la mchezo, na hewa ndani inapanuka. Ukijaza psi 15 asubuhi kukiwa na nyuzi joto 27, halafu ubao ukachomwa na jua mpaka nyuzi joto 60, presha inapita psi 18, na maungio ya pembeni ndiyo yanayoanza kuachia. Ukitoka majini ulaze kivulini au punguza upepo. Na usiuache umejaa ndani ya gari.

Kafi chukua yoyote inayorefushwa, ikuzidi kimo kwa sentimita 15 hadi 25. Kamba ya mguuni vaa, jaketi la kujiokolea mtoto avae kabla hajagusa maji. Kwa upande wa Kigamboni panapotazama bahari kuu, nenda asubuhi, uwe umerudi kabla upepo haujakua, na anza safari kwa kupiga kafi kuelekea upepo unakotoka, ili kurudi kuwe ndiko kwepesi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, angalia pia yanapwa saa ngapi, mkondo ni mkali kuliko siku za maji mafu.

Mengine uliyouliza wadau watakujibu. Huo ubao wa inchi nne bado upo dukani kwake au umeshauchukua? Kama upo, nenda kesho, tafuta mabenchi mawili, piga picha ya ubavuni, na picha ya maandishi yaliyo karibu na valvu. Ziweke hapa kabla hujatoa hata shilingi.