Kisima Juu ya Mwamba wa Matumbawe: Niliyojifunza Kunduchi

Fundi alipofika mita 11, bomba la kuchimbia lilidondoka ghafla kama nusu mita, na maji yote ya kuchimbia yakamezwa na ardhi yasirudi tena juu. Alifurahi sana, akaniambia tumepata mshipa mkubwa, nami nikafurahi pamoja naye. Laiti ningalielewa siku ile kwamba tundu lile lilikuwa onyo pia, ningaliepusha maradhi na gharama zilizofuata nyumbani kwangu. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaojenga ukanda wa pwani kabla hamjamwita mchimbaji.

Sehemu kubwa ya pwani ya Dar es Salaam, kama vile Msasani, Kunduchi na ng'ambo ya Kigamboni, ina mwamba wa matumbawe, ambao kwa asili ni chokaa. Maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa kutoka angani, na zaidi kutoka kwenye udongo, yakawa na uchachu kidogo. Uchachu huo huyeyusha chokaa taratibu, kwa maelfu ya miaka, mpaka nyufa zinakuwa mifereji na mifereji inakuwa mapango. Ndivyo yalivyotokea mapango ya Amboni kule Tanga. Wataalamu huiita ardhi ya namna hii kasti, jina lililotokana na uwanda wa Kras ulioko mpakani mwa Slovenia na Italia.

Katika mchanga, maji hupenya polepole kati ya chembe na chembe, na vijidudu vingi hukwama au hufa njiani. Katika mifereji ya chokaa maji hukimbia. Mwaka 1877, nchini Ujerumani, kilo 10 za rangi zilimwagwa mahali ambapo mto Danube humezwa na mwamba wa chokaa, na baada ya saa 60 hivi rangi ilionekana katika chemchemi ya Aach, takriban kilomita 12 kutoka hapo. Kwa hiyo ule umbali wa mita 30 kati ya kisima na choo, tunaoambiwa mara kwa mara kuwa unatosha, hauwezi kutupa uhakika juu ya mwamba kama huu.

Karo la maji taka la jirani yangu lilikuwa mita 35 kutoka kisimani, na chini halikuwa limesakafiwa. Januari nilipima maji, nikaambiwa ni safi. Masika ilipoanza, siku ya pili ya mvua kubwa, nilikinga maji kwenye glasi nikayatazama dirishani: yalikuwa na ukungu mwembamba, kama maji yaliyooshewa mchele mara ya tatu. Kesho yake mwanangu aliharisha. Sampuli niliyopeleka wiki hiyo ilikutwa na bakteria wa kinyesi. Tangu hapo sipimi kiangazi peke yake. Napima mara tu baada ya mvua kubwa za kwanza, kwa sababu hapo ndipo mwamba huonyesha unachokibeba. Huko Walkerton, Kanada, mwezi Mei 2000, mvua kubwa ilisukuma samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kifupi cha mji kilichochimbwa katika mwamba wenye nyufa. Watu 7 walifariki na zaidi ya 2,000 waliugua.

Kosa langu la pili lilikuwa kukichimba zaidi kisima, nikidhani kina kirefu kina maji safi zaidi. Karibu na bahari maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya chumvi, na kwa makadirio yanayotumika sana, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia kama mita 40 za maji hayo chini ya usawa huo. Ukivuta kwa nguvu na kuyashusha maji kwa mita 1 tu, chumvi inaweza kupanda mita nyingi kutoka chini, na mifereji ya mwamba huirahisishia njia. Miezi mitatu baadaye chai yetu ilikuwa na ladha ya chumvi, na mabomba ya bafuni yakaanza kula kutu. Fundi alilazimika kuziba sehemu ya chini kwa saruji.

Sasa navuta kwa pampu ndogo, saa moja asubuhi na saa moja jioni, nikijaza tangi badala ya kuvuta mfululizo. Sehemu ya juu ya kisima imezungushiwa saruji kati ya bomba na mwamba, ili maji ya juu yasiteremke moja kwa moja. Maji ya kunywa tunayachemsha, hata yanapoonekana maangavu, na ya mvua tunayakinga kutoka paani. Kibali cha kisima huombwa katika bodi ya maji ya bonde, ambayo kwa hapa ni ya Wami/Ruvu; kiombeni kabla ya kuchimba, na mwombeni mchimbaji awaandikie kila mahali bomba lilipodondoka au maji yalipopotea.

Kuhusu karo, nilimwendea jirani na majibu ya maabara mkononi, nikamweleza kwa heshima, kwa kuwa kisima chake mwenyewe kipo upande wa pili wa karo hilohilo. Hakukasirika. Alilisakafia kabla ya vuli, nasi tukanunua pamoja kipimo kidogo cha chumvi, ambacho kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi hupita visima vinne vya mtaa wetu, na namba zake huandikwa katika daftari moja.