Baba alikata mabati ya asbesto: je, ugonjwa wake ni wa kazini?

SWALI

Shikamoo mama. Baba yangu ana miaka 68. Kuanzia 1984 hadi 2017 alikuwa fundi wa mapaa, akiezua na kuezeka maghala na nyumba za watumishi hapa Mtwara, Nachingwea na Lindi mjini. Mabati ya asbesto waliyakata kwa msumeno wa mkono, bila barakoa. Sasa akitoka msikitini inabidi asimame njiani avute pumzi. Amemaliza dozi ya TB mara mbili, ingawa makohozi hayakuonyesha vimelea. Daktari wa mwisho amesema mapafu yana makovu. Mwajiri wake anasema hana rekodi, na kwamba baba alikuwa mvutaji wa sigara, kwa hiyo hana cha kudai. Ni kweli?

Binti wa fundi, Chikongola, Mtwara

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Si kweli, na nakuomba msikubali neno hilo liwafunge mdomo.

Chukua kadi ya baba ya hospitali uangalie palipoandikwa kazi. Nimeshika kadi nyingi za wazee wa kliniki ya kifua huku kwetu Kusini, na nyingi zimeandikwa "mkulima", kwa sababu siku mzee alipokuja alikuwa ametoka kupalilia mikorosho yake. Miaka yote ya kukata asbesto haipo popote. Daktari akiona kivuli kwenye picha ya kifua cha mkulima anayekohoa, lazima awaze TB. Rudini, aandike: fundi wa mapaa, alikata asbesto, alianza mwaka fulani, akaacha mwaka fulani.

Nasisitiza miaka kwa sababu ili ugonjwa huu utambuliwe kuwa wa kazini, ugonjwa wenyewe uthibitishwe, kisha historia ya vumbi ilingane nao, kwa wingi wake na kwa muda uliopita. Asbestosisi, yaani makovu ya mapafu yanayoletwa na nyuzi za asbesto, kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka mingi, mara nyingi 20 au zaidi, na huhitaji vumbi jingi. Aliyekata kwa msumeno tangu 1984 anaingia hapo bila kulazimisha. Sigara huharibu mapafu kwa namna zake, lakini asbestosisi hailetwi na sigara.

Daktari atasikiliza mgongoni, sehemu ya chini ya mapafu yote mawili. Baba akivuta pumzi ndefu, panaweza kusikika mlio kama wa chumvi iliyotupwa kwenye kikaango cha moto. Ombeni picha ya CT, maana huonyesha makovu ambayo picha ya kawaida huyakosa, pamoja na kipimo cha kupuliza. Yakionekana pia mabaka magumu pande zote mbili kwenye utando unaofunika mapafu, ushahidi wenu unakuwa mzito sana.

Baba hajaambiwa kuwa ana saratani, namshukuru Mungu, lakini hoja ya sigara imetoka huko, kwa hiyo niijibu. Mwaka 1997 wataalamu walikutana Helsinki, Ufini, wakaweka vigezo vya kutambua magonjwa yaliyoletwa na asbesto, vinavyotumiwa na nchi nyingi. Vilipitiwa upya 2014. Kwa saratani ya mapafu, iwe imepita angalau miaka 10 tangu mtu alipoanza kukutana na asbesto, na awe amefanya kazi kama mwaka 1 kwenye vumbi zito, mfano kubomoa majengo ya zamani, au miaka 5 hadi 10 kwenye vumbi la wastani la ujenzi. Vigezo hivyo vinasema wazi kwamba sigara haifuti mchango wa asbesto. Anayevuta sigara na kuvuta vumbi hilo pia yumo hatarini zaidi kuliko aliyepata kimoja tu. Mwajiri ameigeuza hoja kichwa chini.

Tanzania Bara tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na Mfuko wake, WCF, ulianza kazi Julai 2015, baba akiwa bado kazini. Mwarifuni mwajiri kwa maandishi, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Akigoma, nendeni WCF wenyewe. Madai yana muda wake kisheria, kwa hiyo daktari akishathibitisha ugonjwa msikae.

Kuhusu rekodi, tafuteni barua ya ajira, taarifa ya michango ya NSSF, hata picha ya mafundi wamesimama juu ya ghala. Kisha watafuteni wenzake walio hai. Andikeni maelezo yao wiki hii: ghala lipi, mwaka gani, walikata kwa kifaa gani, nani alikuwa msimamizi. Hao nao ni wazee, wana kifua kilekile.

Hujamtaja mama. Nguo za kazi alikuwa anafua nani? Kuna wake wa mafundi waliopata mesotelioma, saratani ya ule utando wa mapafu, kwa kukung'uta nguo zenye vumbi. Kwa ugonjwa huo hata vumbi dogo linatosha. Kama mama naye anabanwa na pumzi au anaumwa ubavu, aende na baba siku hiyohiyo, na amweleze daktari habari ya nguo hizo.