Kabla hujaisifu tabia mpya, iache kwanza

Tangu nianze kujipimapima nyumbani, kuanzia usingizi hadi presha, swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: ninunue saa janja gani ya kunipima? Jibu langu huwaudhi wengi. Kwanza tafuta daftari na sarafu. Daftari la kuandikia, sarafu ya kurusha. Saa ije baadaye, kama itahitajika.

Nimejaribu mengi. Nimeacha kahawa na kuirudia, nimelala madirisha wazi kisha nikayafunga, nimeipangia ruta, kile kifaa cha intaneti ya nyumbani, ijizime yenyewe usiku, nimejipima presha asubuhi na jioni mpaka mkanda ukaanza kulegea. Machache nimebaki nayo, mengi nimeyatupa. Kilichonifaa kuliko vifaa vyote ni utaratibu mmoja tu: jambo jipya likionekana kunisaidia, naliacha kwa muda. Hali ikirudi kama zamani, naanza kuliamini. Hali isipobadilika, basi nafuu ilitoka kwingine.

Utaratibu huu una sababu. Jiulize, mtu huamua lini kubadili maisha yake? Ni pale yanapomfika shingoni: halali wiki nzima, mgongo unamuuma, mizani imepanda. Sasa hali iliyozidi kuwa mbaya kuliko kawaida, mara nyingi hushuka yenyewe kurudi kwenye kawaida, hata mhusika asipofanya lolote. Lakini yeye amefanya kitu. Ameanza kulala na soksi, tuseme. Wiki ya pili usingizi unarudi, na sifa zote zinakwenda kwa soksi. Mwingereza Francis Galton alilieleza jambo hili mwaka 1886 alipolinganisha kimo cha wazazi na cha watoto wao: watoto wa wazazi warefu kupita kiasi walikuwa warefu, ila kwa jumla hawakuwafikia wazazi wao, walivutwa kuelekea wastani. Usingizi, maumivu na presha navyo hupanda na kushuka vikivutwa na wastani wake. Ndiyo maana ushuhuda wa “nilikuwa hoi, nikatumia hiki, nikapona” haunibabaishi siku hizi, hata ninapoutoa mwenyewe.

Sarafu nayo ina kazi yake. Ukijiachia uchague ni siku zipi utembee jioni, utatembea siku ambazo tayari una nguvu. Ukilala vizuri usiku huo utasema ni matembezi, kumbe siku yenyewe ilikuwa njema tangu asubuhi. Sarafu haijui umeamkaje. Ikianguka kichwa natoka, ikianguka upande wa pili nabaki ndani, na naandika yote mawili. Siku nyingine mvua hunyesha na sarafu imesema toka. Hapo naandika “nilitakiwa kutoka, sikutoka”, siifichi siku hiyo.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la kahawa, kwa sababu linaweza kufanywa bila mwenye kujaribiwa kujua anakunywa nini. Kafeini, kile kichangamshi cha kahawa, hukaa mwilini muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu yake huondoka katika saa 5 hivi, kwa wengine mapema zaidi, kwa wengine inachukua muda mrefu. Wajawazito na wanaotumia vidonge vya kuzuia mimba huichelewesha. Wavuta sigara huiondoa haraka. Ukinywa kikombe saa kumi jioni, saa tatu usiku bado una nusu kikombe kwenye damu.

Nilichofanya ni kununua kahawa ya kawaida na ile iliyoondolewa kafeini, zote za unga na za rangi inayofanana, kisha mtu wa nyumbani akazitia kwenye makopo mawili yanayofanana. Chini ya kopo moja akaandika A, la pili B, akabaki na siri yake. Kila alasiri sarafu iliamua kopo. Asubuhi, kabla sijagusa simu, niliandika mambo matatu: nilichelewa kulala au la, niliamka mara ngapi usiku, na alama ya mchoko kuanzia 1 hadi 5. Siri ilipofunguliwa, tofauti ilikuwepo, ila haikuwa kwenye kupata usingizi. Nilikuwa nalala upesi kwa makopo yote mawili. Kopo lenye kafeini lilikuwa likiniamsha katikati ya usiku. Mtu anayesema “mimi kahawa hainizuii kulala” huenda anasema kweli tupu, na bado ikawa inamvunjia usingizi. (Kahawa iliyoondolewa kafeini nayo huwa na chembe kidogo, kwa hiyo usinywe mabirika ukidhani ni maji.)

Nimetaja kuandika kabla ya kugusa simu. Hapo ndipo ninapogombana na saa janja. Saa ya mkononi haioni ubongo wako. Inaangaza mwanga wa kijani kwenye ngozi ili kuhesabu mapigo ya moyo, inahisi mkono unavyotikisika, kisha inakisia. Maabara za usingizi hubandika nyaya kichwani na karibu na macho, ndizo zinazoona ubongo ukipita kutoka hatua moja hadi nyingine. Kwa hiyo saa inaweza kukwambia vizuri kiasi ulilala kuanzia lini hadi lini, ingawa ukijilaza macho wazi bila kutikisika inaweza kuhesabu umelala. Ile michoro ya usingizi mzito na wa ndoto ipokee kwa tahadhari. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa waliofika kutafuta tiba ya usingizi wakiwa na wasiwasi ulioletwa na kifaa chenyewe. Kukimbizana na alama nzuri kulikuwa kumewazidishia kukosa usingizi. Kama unayo saa na unaipenda, fanya hivi: andika kwanza wewe umeamkaje, ndipo ufungue programu. Ukianza na programu, utajisikia vile ilivyokwambia.

Kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni ya damu nitakizungumzia kwa ufupi, ila kwa wenye ngozi nyeusi ni muhimu. Hupitisha mwanga mwekundu na wa infraredi, usioonekana kwa macho, kwenye kidole, na rangi ya ngozi inaweza kukipotosha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba oksijeni iliyoshuka ilipitwa bila kuonekana kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Kidole baridi na rangi ya kucha navyo huharibu kipimo. Mtu anahema kwa shida na kifaa kinasema asilimia 96, kana kwamba yu salama? Sikiliza kifua, mpeleke hospitali.

Presha ndiyo ninayowashauri watu wapime nyumbani kwa moyo mmoja, na ndiyo wanayoipima vibaya zaidi. Mtu anaingia kutoka juani, anajitupa kitini, mguu juu ya mguu, mkono unaning'inia, anaongea na simu huku mkanda unajaa hewa. Namba inayotoka hapo haina maana. Kaa kimya dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni. Nenda haja ndogo kabla ya kukaa. Nusu saa kabla ya hapo usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Mkanda ufungwe kwenye ngozi tupu, si juu ya shati, na uwe wa saizi ya mkono wako. Ukiwa mdogo, namba zitapanda bure. Mkono uulaze mezani, mkanda uwe usawa wa moyo. Pima, ngoja dakika moja, pima tena, andika zote mbili.

Hilo la usawa wa moyo unaweza kulijaribu leo leo. Pima mkono ukiwa mezani, kisha upime ukiwa umeuning'iniza ubavuni. Damu ina uzito kama kimiminika kingine chochote, na kila sentimita 10 mkanda unaposhuka chini ya moyo, namba hupanda kwa takriban 8. Mtu mwenye 132 anaweza kujikuta na 140 na hofu juu yake, kisa meza fupi. Vile vipimo vya kufunga kwenye kifundo cha mkono, pale inapovaliwa saa, ndivyo vinavyoathirika zaidi, maana mkono huo unakwenda popote.

Wastani wa siku kadhaa ndio wa kumpelekea daktari, usimpelekee namba moja iliyokutisha. Nyumbani, miongozo mingi huanza kuhesabu presha kuwa ya juu inapofika 135 kwa 85, chini kidogo ya 140 kwa 90 ya kliniki, kwa sababu wengi hupanda wakimwona mwenye koti jeupe. Ikifika 180 kwa 120 na kifua kinauma, upande mmoja wa mwili umelegea au maneno hayatoki sawasawa, acha daftari, tafuta huduma ya dharura. Na ule mtindo wangu wa “acha uone” hauhusu dawa ulizoandikiwa. Dawa ya presha, ya kisukari, ya kifafa, hiyo haichezewi sarafu.

Mizani nisikae nayo sana. Mwili huhifadhi sukari kwenye misuli na ini, na kila gramu hushika kama gramu 3 za maji. Ongeza chumvi ya jana, unapata kilo moja au mbili za kupanda na kushuka ambazo hazihusiani na mafuta. Jipime asubuhi baada ya kwenda chooni, angalia wastani wa wiki. Na hatua 10,000 zinazowanyima watu raha hazikutoka maabara: zilienea kutoka Japani, ambako mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kiliuzwa kipima hatua chenye namba hiyo katika jina lake. Ukitembea 7,000 hujafeli mtihani wowote.

Hewa ya chumbani ilinishangaza. Nje, kaboni dayoksaidi, gesi tunayoitoa tukipumua, ni kama sehemu 420 katika milioni. Chumba kidogo kilichofungwa, watu wawili ndani, kinaweza kupita 2,000 kabla ya alfajiri. Ukitaka kununua kipimo, hakikisha kinatumia infraredi. Kuna vya bei rahisi ambavyo havipimi gesi hiyo kabisa; vinanusa mivuke mingine halafu vinakisia. Kuvitambua ni rahisi: puliza marashi karibu yake. Namba ikiruka mara moja, umeuziwa pua. Kipeleke pia nje, kikae kidogo. Kinapaswa kushuka kwenye mia nne na kitu. Kwangu, sarafu ilipokwisha kuamua usiku wa kutosha, kuuacha mlango wazi upana wa kiganja kulitosha kushusha namba karibu sawa na kufungua dirisha, bila kelele wala wadudu. Kama niliamka na nguvu zaidi kwa ajili hiyo? Daftari halionyeshi tofauti ya kueleweka. Mlango bado nauacha wazi kwa sababu haunigharimu kitu, lakini simuuzii mtu hadithi.

Vifaa vinavyofanya kazi fulani vimenifaa kuliko vinavyopima. Soketi ya saa inayozima ruta usiku imenisaidia kuliko michoro yote ya usingizi, kwa sababu imeniondolea mabishano na nafsi yangu wakati wa usiku ambao nafsi hushinda daima. Angalizo moja la kifundi: baadhi ya soketi janja hupokea amri kupitia intaneti ya ruta ileile zinayoizima. Ikishazimwa, huna njia ya kuiambia iwake ila kuinuka. Ile ya kizamani, ya kuzungusha kwa mkono, haina tatizo hilo wala haina data ya kutuma kwa mtu yeyote.

Kuna majaribio ambayo mwili wenyewe unakupa kitu cha kulinganishia. Daktari Donald Unger wa California alialika vidole vya mkono wa kushoto kwa zaidi ya miaka 60, wa kulia akauacha, ili ajue kama kweli kualika vidole kunaleta ugonjwa wa viungo. Hakuona tofauti, na mwaka 2009 akapewa Ig Nobel, tuzo ya tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha. Wewe huhitaji miaka 60. Mafuta mapya ya ngozi kavu yapake mkono mmoja tu kwa wiki chache, na mtu asiyejua ni upi akwambie upi laini.

La mwisho ni la watu unaoishi nao. Ruta ikizimwa, imezimwa kwa wote. Dirisha likiachwa wazi, baridi haichagui mfanya jaribio. Waulize kabla. Sasa hivi sarafu inaamua kama nipige mswaki usiku kwa taa kubwa ya bafuni au kwa kitaa kidogo cha ukutani, maana mwanga mkali huchelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa usiku umeingia. Mwenzangu amekubali kwa sharti moja: sarafu airushe yeye, kwa sababu anadai mimi huwa naichungulia.