Gari imelala miaka? Mwambie fundi injini isubiri

Tangu niweke picha ya Land Rover ya marehemu baba ikiwa Mkuranga, imefika yenyewe bila kuvutwa, simu yangu haipumui. Wengi mmenipongeza, asanteni sana. Wengine mmeuliza bei. Haiuzwi. Ila kuna kaka mmoja kaandika ujumbe ambao nimeona niujibu hapa ili msome wote: "Dada, nina Peugeot 504 ya babu, ipo Morogoro, imekaa juu ya mawe tangu nikiwa shule ya msingi. Nimeshanunua betri mpya. Naendelea na nini?"

Kaka yangu, hiyo betri irudishe dukani kama bado wanaipokea.

Sikukejeli. Betri utaihitaji, lakini huko mbele, na ikikaa bila chaji itakufa yenyewe kabla gari haijafufuka. Najua kwa nini umeanza nayo. Unataka kusikia mlio. Sisi wote tunaohangaika na magari ya wazee wetu tunautaka ule mlio, na mafundi wanalijua hilo, ndiyo maana neno la kwanza utakalolisikia kwenye gereji yoyote kuanzia Ilala hadi Tegeta ni "tuiwashe kwanza". Mimi nasema usiiwashe. Anza na chuma kinachobeba gari, fuata breki, injini mwisho. Ukiniuliza tena kesho nitakujibu hivyo hivyo.

Yangu ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Zilitengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1971 hadi 1985. Baba aliinunua kwenye mnada wa magari ya serikali, akabebea saruji, mihogo, mashemeji, na misiba yote ya mtaa ambayo haikuwa na uwezo wa kukodi gari. Alipougua ikaegeshwa chini ya mwembe nyumbani Mtoni Kijichi. Alipofariki ikabaki pale pale, matairi yakakaa chini, nyigu wakahamia kwenye dashibodi.

Baada ya arobaini kaka yangu mkubwa akaleta mnunuzi wa chuma chakavu. Nilikuwepo. Yule kijana alikuja na sumaku imefungwa kwenye kamba. Akaigusisha mlangoni, ikateleza ikaanguka. Akaigusisha kwenye boneti, ikaanguka. Kaka akacheka, akasema "unaona, hata sumaku inaikataa". Mimi nikawa namwangalia mnunuzi usoni. Macho yalikuwa yamemtoka. Bodi ya Land Rover hizi ni alumini, na alumini kwenye mizani ya chakavu ina bei nzuri kuliko chuma. Akatoa bei ya chuma, gari nzima kwa kilo. Kaka akakubali palepale. Ni mama aliyetoka jikoni akasema hakuna kitu kitatoka kwenye uwanja huo yeye akiwa hai.

Sitasema mengi kuhusu siku ile. Niseme tu kwamba maneno ya "mwanamke na gari bovu wapi na wapi" nilianza kuyasikia hapo, na nyumbani.

Hiyo alumini ndiyo inayowadanganya wengi. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948, kipindi ambacho chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, wakatumia mchanganyiko wa alumini kwenye bodi. Kwa hiyo gari inaweza kukaa mvua na jua, ukiifuta vumbi inaonekana nzima. Chini yake chesisi, ile fremu inayobeba gari, ni chuma, na Kijichi ni jirani na bahari. Upepo wa chumvi haulali. Pale alumini inapogusana na chuma kwenye hewa ya chumvi, alumini inaliwa taratibu na kutoa unga mweupe, na chuma nacho kinaoza kutokea ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Dawa yake ni nyundo. Lala chini na nyundo ndogo, gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, hatua kwa hatua. Chuma kizima kinalia ngaa! Kilichooza kinajibu pu, na wakati mwingine nyundo inazama. Yangu mbele ilikuwa inalia vizuri. Kufika kwenye boriti ya nyuma, ile inayoshika ndoano ya kuvutia, nyundo ikazama na mchanga mwekundu ukanimwagikia usoni. Mikono miwili ya pembeni inayobeba bodi nayo ilikuwa imekwisha. Vikakatwa, vikachomelewa vipya vya chuma kinene, na ndani tukamimina oili chafu. Kazi ile ilikula hela kuliko injini. Ningeanza na injini, hela ingekuwa imeshaisha, na leo ningekuwa na gari inayonguruma uani huku inakatika mgongo.

Mafundi sasa. Fundi wa kwanza aliyekuja kuiangalia alizunguka gari, akanisalimia, kisha akauliza: "Mwenye gari yuko wapi, dada?" Nikamwambia ni mimi. Akacheka kidogo. "Basi mwite shemeji tuongee bei." Huyo hakurudi. Wa pili alikuwa na maneno mazuri, "mama" kila sentensi, akaomba aende na kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, akaisafishe kwake. Ilikuwa ya asili, aina ya Zenith. Siku aliporudi alinikabidhi kabureta inayong'aa, safi, na haikuwa yangu. Skrubu moja ya kifuniko cha yangu baba aliwahi kuipoteza akaweka nyingine ya kichwa kipana. Hii ilikuwa na skrubu zote sawa. Nikamwonyesha. Akaapa kwa watoto wake. Nilikuja kuipata nyingine mtaa wa Gerezani, hapa Dar, kwa bei ambayo siitaji humu kwa sababu mume wangu anasoma.

Kwa hiyo chukua hili: kila kinachofunguliwa kipige picha, pande zote, kabla hakijaondoka mbele ya macho yako. Na kama unaweza, kisiondoke. Chukua stuli ukae. Fundi akisema unamsumbua, huyo si fundi wako.

Wangu nilimpata Gerezani, mzee wa makamo ya baba, aliyewahi kufanya kazi karakana ya serikali enzi ambazo gari hizi ndizo zilikuwa gari. Nilipomwambia breki kabla ya injini alinitazama muda, akasema, "Nani kakufundisha?" Nikamjibu ni akili tu, mzee wangu. Gari isipowaka itakuacha ulipo. Isiposimama itakupeleka usipokwenda.

Na breki za gari iliyolala usiziamini hata kama pedeli ni ngumu. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu hewani. Yakikaa miaka, ule unyevu unatia kutu ndani ya silinda, na mipira inakuwa migumu. Utakanyaga itashika vizuri uani, ukifika barabarani unakanyaga mara ya tatu mguu unafika sakafuni. 109 ina breki za ngoma magurudumu yote manne, na mbele kila gurudumu lina silinda mbili, kwa hiyo jumla ni sita. Zote zilitoka, masta silinda, ile inayosukumwa na pedeli, ikatoka, paipu za chuma zikatoka, mipira ikatoka. Hatukusafisha kitu hapo, tuliweka vipya. Hapa sina utani. Ubane kwenye siti, ubane kwenye rangi, ubane hata kwenye matairi ya kuanzia, lakini usimruhusu mtu akuambie "hii silinda tukiipiga msasa inarudi".

Miezi ya katikati nairuka. Ilikuwa "njoo kesho", kuzunguka Shaurimoyo na kifaa cha zamani mkononi, na kusubiri vipuri vya kutoka Arusha, ambako utalii umefanya Land Rover zisife. Waliokwenda kwenye tamasha la Land Rover pale Arusha Oktoba 2024 waliona mamia ya gari hizi mahali pamoja, kwa hiyo msiniambie vipuri hakuna. Vipo. Ni kutafuta, na kupiga simu kwa heshima.

Injini ndiyo ilikuja mwisho, na ilikuwa rahisi kuliko maneno yaliyosemwa juu yake. Tulitoa plagi zote nne, tukamimina kwenye kila silinda mchanganyiko wa dizeli na oili ya haidroliki, tukaiacha ikalowana. Hatukugusa stata, ile mota ya kuzungushia injini. Ringi za pistoni zikiwa zimeshikana na kutu halafu ukazilazimisha kwa stata, unavunja kitu. Land Rover hizi zina uzuri wake: unachomeka hendeli mbele na kuzungusha kwa mkono. Siku ya kwanza haikusogea. Mzee akasema iachwe. Nilipokuja kuijaribu tena jioni moja, nikasikia kitu kimeachia ndani, hendeli ikashuka robo mzunguko. Nilipiga kelele hadi mama akatoka.

Petroli ya zamani tulimwaga, ilikuwa inanuka rangi ya mafuta na haifai tena. Tenki likaoshwa kwa kokoto na mafuta ya taa, likatikiswa mpaka maji yakatoka meupe. Platini, vile vituo vinavyokata umeme wa plagi, zikapigwa msasa laini na kuachanishwa milimita 0.4. Mara ya kwanza ilikuwa inapiga chafya kwenye kabureta bila kushika, mzee akaangalia waya za plagi, akabadilisha mbili: silinda zinatakiwa zichome kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2, na kijana wake alikuwa kazipanga kwa kufuata mstari. Ikashika. Nitawaachia wenyewe mjue nilijisikiaje, mkifika.

Jambo moja ambalo vijana wengi hamlijui: injini hizi nyingi zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ambayo nchi zetu ziliacha kuiuza kufikia 2006. Ile risasi ilikuwa inazikinga siti za valvu, pale valvu zinapokalia, zisiliwe. Kama silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, inafunguliwa kwa sababu yoyote, weka siti ngumu siku hiyo hiyo. Usifungue mara mbili.

Sasa niwaambie ukweli mnaonuna kuusikia. Wengi wenu hamtaki gari, mnataka picha ya gari. Mnanunua rangi kabla ya paipu za breki. Mnauliza "rimu" wakati sakafu ina tundu. Gari ya mzee inataka moyo wa kukaa na kitu ambacho hakikusifii kwa muda mrefu, na kuheshimu mikono ya watu wenye oili kwenye kucha. Mlipeni fundi mzuri hela yake bila kumzungusha. Jifunzeni majina ya vifaa ili msidanganywe. Na dada zangu, ombeni spana mkabidhiwe, hakuna karatasi ya jinsia kwenye nati.

Kaka yangu mkubwa, yule aliyeleta mnunuzi wa sumaku, kanipigia juzi. Binti yake anaolewa, wanataka Land Rover ya babu iongoze msafara, imefungwa maua. Nimemwambia sawa, full tank kutoka mfukoni mwake, na dereva ni mimi. Ameguna. Amekubali.

Karatasi msizisahau. Kama kadi bado ina jina la marehemu, lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, ndipo TRA wahamishe umiliki. Anzeni hilo siku mnayoanza kugonga nyundo, maana linachukua muda wake. Ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo anayekwambia gari inadaiwa kila mwaka ilivyolala hadi leo anakutisha. Ya nyuma ya hapo kaulizeni TRA wenyewe. Kisha bima, kisha ukaguzi wa trafiki. Wa kwangu aliyekagua alikanyaga breki, akazunguka, akanisimulia gari ya mjomba wake, foleni nyuma yangu ikawa inapiga honi.

Kaka wa Morogoro, nirudi kwako. Peugeot 504 ya saluni haina chesisi ya kujitegemea kama yangu. Bodi yenyewe ndiyo inabeba kila kitu, na ni chuma. Ikioza, hakuna cha kukata na kubadilisha kirahisi. Bahati yako Morogoro haina chumvi ya bahari. Bahati nyingine, gari hizo zilianza 1968, na Ufaransa ilipoacha kuziunda, Kaduna kule Nigeria na Kenya waliendelea kuziunganisha miaka mingi, kwa hiyo vipuri si hadithi. Na ni gari iliyoshinda Safari Rally 1975 na 1978, babu yako hakukosea kuchagua.

Nitumie picha. Toa kapeti kwanza, kisha piga sakafu, vizingiti vya milango kwa chini, na pale juu shokapu za mbele zinapofungwa. Uigonge kwa nyundo huku mtu anarekodi sauti. Picha ya mbele na nembo ya simba umeshanitumia, nimeiona.