Maswali ya Wasomaji: Nyuki wa Tanga, Bonde la Mahiwa na Waliokwenda Kariakoo

Makala yetu fupi kuhusu Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia katika Afrika ya Mashariki imeleta barua nyingi kuliko tulivyotarajia. Tumechagua nne, na jibu la ile ya mwisho ndilo refu kuliko yote kwa sababu jambo lenyewe linastahili urefu huo.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, sisi watu wa Tanga tumekua tukiambiwa kwamba mwaka 1914 Waingereza walifukuzwa na nyuki. Je, ni kweli, au ni hadithi ya wazee tu? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Nyuki walikuwapo, na waliuma kweli, lakini wangekuwa peke yao Waingereza wasingeshindwa. Tarehe 2 Novemba 1914, meli zilizobeba askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, zilifika nje ya bandari chini ya uongozi wa Jenerali Arthur Aitken. Kabla ya kushusha mtu yeyote, nahodha wa manowari iliyowasindikiza alipeleka taarifa mjini kwamba makubaliano ya awali kati ya Waingereza na Wajerumani ya kutoshambulia bandari hayatambuliki tena. Kwa taarifa hiyo Mjerumani alipata nafasi ya kujiandaa, na kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, aliitumia vizuri: akaingiza askari wake katika treni huko Moshi na kuwateremsha Tanga kwa reli ya Usambara, kundi baada ya kundi, hata walipofika wote hawakuzidi sana 1,000.

Waingereza walishukia Ras Kasone. Kikosi cha kwanza kilirudishwa nyuma asubuhi ya tarehe 3, na shambulio kubwa likafanyika mchana wa tarehe 4, katika joto kali, kupitia mashamba na vichaka ambavyo askari wale, waliokaa melini kwa wiki kadhaa, hawakuwa wamewahi kuviona. Baadhi walifanikiwa kuingia mjini na kupigana nyumba kwa nyumba. Ndipo risasi zilipopasua mizinga iliyokuwa imetundikwa mitini, nyuki wakatoka na kumuuma kila aliyekuwa karibu, wala hawakuchagua kati ya Mwingereza na Mjerumani. Waliozidiwa zaidi walikuwa wale waliokuwa wakisonga mbele bila mahali pa kujificha.

Tarehe 5 Waingereza walirudi melini. Katika watu wao, zaidi ya 800 walikuwa wameuawa, kujeruhiwa au kupotea, nao waliacha ufukweni bunduki kwa mamia na risasi zipatazo laki 6, ambazo askari wa Mjerumani walizitumia kwa muda mrefu baadaye. Upande wa Wajerumani alikufa pia Tom von Prince, yule ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani na ambaye wazee wa Iringa wanamkumbuka kwa vita vyake dhidi ya Mkwawa. Aitken alikuwa ameamini kwamba askari Waafrika wangetimua mbio wakisikia mlio wa kwanza wa bunduki. Kwa maoni yangu, dharau hiyo ilimgharimu kuliko nyuki.

Swali: Ni pigano gani lililomwaga damu nyingi kuliko yote katika vita hivyo hapa kwetu? Mwalimu wetu alitutajia Tanga, lakini mjomba wangu anasema ni Mahiwa. (Mwanafunzi, Lindi)

Jibu: Mjomba wako yuko sahihi, mwanangu. Pigano la Mahiwa na Nyangao, katika mkoa wako, lilidumu siku 4, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Upande wa Waingereza waliingia watu wapatao 4,900, na zaidi ya nusu yao, kama 2,700, waliuawa, kujeruhiwa au kupotea. Wajerumani walikuwa kama 1,500 nao walipoteza zaidi ya 500. Jenerali Beves aliwatuma watu wake kuzivamia handaki za adui uso kwa uso, tena na tena, wakati kikosi cha askari kutoka Nigeria kilikuwa kimezingirwa upande wa pili.

Jambo moja wanafunzi hawaambiwi vya kutosha. Pale Mahiwa, askari wa Keya, yaani wa jeshi la Waafrika chini ya Waingereza (King's African Rifles), waliotoka Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo) walielekeana na askari wa Mjerumani waliotoka Unyamwezi, Usukuma na kwingineko, na pande zote mbili amri nyingi zilipita kwa Kiswahili. Aliyejeruhiwa akiomba maji, adui yake mita chache mbele alimwelewa.

Lettow-Vorbeck alihesabiwa ushindi, lakini risasi zake zilikuwa zimekaribia kwisha. Alivuka Ruvuma, na tarehe 25 Novemba 1917 akaivamia ngome ya Wareno ya Ngomano ili apate silaha na chakula. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, alisalimu amri Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia, siku 14 baada ya bunduki kunyamaza Ulaya.

Swali: Bibi yangu, Mgogo wa Dodoma, alikuwa akihesabu umri wa watu kwa kusema “huyu alizaliwa kabla ya Mtunya” au “baada ya Mtunya”. Je, njaa hiyo ilikuwa na uhusiano na vita? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Uhusiano ni mkubwa mno, dada yangu. Ni kweli mvua zilikosekana, lakini Wagogo ni watu waliozoea kukosa mvua. Walikuwa na njia zao: ng'ombe wa kuuza au kubadilisha kwa nafaka, akiba ya ghalani, na ndugu wa mbali wa kukimbilia. Vita viliziziba njia hizo zote. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma mwaka 1916 walichukua mifugo na nafaka za kulisha jeshi lao. Waingereza walipoingia nao walitaka ng'ombe, nafaka na, zaidi ya yote, wanaume wa kubeba mizigo. Msimu wa kulima ulipofika, mashamba mengi yalibaki mikononi mwa wanawake, wazee na watoto. Mvua zilipokatika, hapakuwa na cha kuuza wala pa kukimbilia, kwa kuwa na majirani walikuwa wamenyang'anywa vilevile. Kisha ikaja homa ya mafua ya mwaka 1918, ikakuta miili iliyokwisha kudhoofika.

Inakadiriwa kwamba watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 walikufa Ugogo. Ziko familia zilizowaweka watoto wao rehani kwa watu waliokuwa na chakula, na baadhi ya watoto hao hawakukombolewa. Jina lenyewe Mtunya lina maana ya kugombania, na bibi yako alilitumia kwa haki.

Tusidhani kwamba waliokuwa jeshini hawakuona walichokuwa wakifanya. Daktari mmoja wa jeshi la Wajerumani aliandika kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa, na kwamba hawakuwa tena waletaji wa ustaarabu. Alishika kalamu akayaandika hayo, kisha safari ikaendelea kwa mtindo uleule.

Swali: Babu yake baba yangu alichukuliwa Ukambani mwaka 1917 pamoja na kaka yake. Sisi husema tu “walikwenda Kariakoo hawakurudi”. Hatuna kaburi, hatuna barua, hatujui walikufia wapi. Je, walikuwa askari? Na kuna mahali jina lao limeandikwa? (Msomaji, Machakos)

Jibu: Ndugu yangu, pole. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na najua wapo wasomaji wengi wenye swali lako hilohilo.

Karibu hakika hawakuwa askari, bali wapagazi. Kariakoo ni namna wazee wetu walivyolitamka jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, na ndiyo asili ya Kariakoo ya Dar es Salaam na ile ya Nairobi, mahali palipokuwa na kambi zao. Mwaka 1915 serikali ya Kenya ya wakati huo ilitunga sheria ya kuwachukua watu kwa lazima, na mwaka 1917, mwaka wa babu yenu, ulifanyika msako mkubwa kuliko yote, machifu wakitakiwa kutoa idadi ya wanaume waliyopangiwa.

Huenda utauliza kwa nini walihitajika watu wengi hivyo. Katika nyanda za mbung'o, farasi, nyumbu na maksai walikufa kwa maelfu, na magari yalikwama matopeni. Uliobaki ni mgongo wa binadamu. Chukua mfano wa mpagazi mmoja mwenye mzigo wa unga wa ratili 50, yaani kilo 23 hivi. Yeye mwenyewe akila ratili 2 kwa siku, akienda siku 12 na kurudi siku 12, atakuwa ameumaliza karibu mzigo wote, na askari aliyeko mbele hajapata kitu. Kwa hiyo ilibidi wawepo wapagazi wa kuwabebea chakula wapagazi. Jeshi lilivyozidi kusonga kusini, kuelekea Rufiji na Lindi, ndivyo mnyororo huo ulivyorefuka, na upande wa Waingereza peke yake, ukijumlisha makoloni yote, waliochukuliwa walikaribia milioni moja.

Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Watu waliozoea viazi, ndizi, mtama au maziwa walipewa unga wa mahindi, mara nyingi bila muda wala sufuria ya kuupika ukaiva, wakapata kuhara damu. Watu wa nyanda za juu, ambao hawakuwa wameizoea malaria, waliteremshwa pwani na mabondeni wakiwa na blanketi moja. Masika ya mwaka 1917 katika bonde la Rufiji mafuriko yalikata njia, na posho ikapunguzwa hata kwa askari wenyewe, sembuse mpagazi. Hesabu rasmi za Waingereza ziliwataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, lakini wanahistoria wanakadiria karibu 100,000. Wajerumani nao walikamata wapagazi kwa nguvu, wakati mwingine wakiwafunga kamba wasitoroke, na kwa hao hapana hesabu ya kuaminika. Wapagazi wa Kongo waliolifuata jeshi la Wabelgiji hadi Tabora, lililoingia mjini humo Septemba 1916, walikuwa maelfu kwa maelfu. Kusini, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), kazi hiyo waliiita tengatenga, na huko pia yako maboma yasiyojua makaburi ya watu wake.

Ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni mjini London aliandika kwamba vita hivyo vilikaribia kuwa kashfa, na kilichozuia ni kwamba walioteseka zaidi walikuwa wapagazi, na nani anayewajali wapagazi wenyeji. Naona kwamba ofisa huyo alisema wazi yale ambayo wenzake waliyafanya kimyakimya. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao. Makaburi ya wapagazi yaliachwa yamezwe na nyasi, na badala ya majina ikaamuliwa ijengwe minara michache ya pamoja. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam ilisimamishwa mwaka 1927. Ile ya Nairobi, ya mwaka 1928, ina watu watatu, na ukienda utamwona mpagazi amesimama pamoja na askari, na maneno ya kumbukumbu yameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Jina la mtu halimo.

Mwezi Aprili 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Tangu hapo kazi ya kutafuta majina imekuwa ikiendelea, Kenya ikiwamo.

Kwa hiyo nakuomba ufanye haya kabla wazee waliobaki hawajaondoka. Andika jina la babu yenu na la kaka yake, majina yote waliyoitwa, hata ya utani, kwa maana karani aliyewaandikisha huenda aliandika alilosikia. Andika jina la baba yao, ukoo, kijiji, na chifu aliyekuwapo mwaka 1917. Uliza kama yupo aliyechukuliwa nao akarudi, na alisema alimwacha wapi: Kilwa, Lindi, Dodoma, au njiani. Uliza pia kama nyumbani kumesalia kibati chenye namba, kwa kuwa wapagazi wengi walivishwa vibati, na namba moja inaweza kufungua ukurasa wa daftari ambao jina halikuufungua. Ukishayakusanya, peleka nakala kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Nairobi na nyingine kwa tume hiyo ya makaburi. Nyingine tutumie sisi, nasi tutalichapa jina la babu yenu na la kaka yake katika ukurasa huuhuu.